Oili Inayotoka

Upepo wa Modogashe huamka pamoja na jua. Kabla ya saa moja asubuhi vumbi bado limelala, na ukitandika turubai chini ya lori unaweza kufungua nati ya sampu bila kuilisha injini mchanga. Ikifika saa tatu umechelewa. Ndiyo maana nyumbani kwetu kazi hii huanza tukitoka tu msikitini. Injini inangurumishwa dakika kumi ili oili ipate joto na wepesi, inazimwa, magurudumu yanazuiwa kwa mawe, kisha mmoja wetu anaingia chini kwa mgongo akiwa na spana, kitambaa na karai.

Juzi aliyeingia ni utingo wetu, kijana aliye katika mwezi wake wa pili kazini. Nati ilipoachia, oili ilishuka nyeusi tititi, ikamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Abti, hii si imeungua kabisa? Tumechelewa?"

"Hapana, abti," nikamwambia, kwa neno ambalo mjomba na mpwa huitana kwetu. "Hiyo ndiyo rangi ya kazi. Usiifute bado. Isugue kwa vidole viwili, uniambie unasikia nini."

Akasugua. "Laini."

"Na sumaku ya nati?"

Akatoka chini, akaileta nati kwenye mwanga. Sumaku ilikuwa imeshika tope jepesi la kijivu, kama jivu lililolowa. Hakuna kilichometameta. Nikampa sabuni anawe papo hapo, maana oili chafu haifai kukaa kwenye ngozi ya mtu, na moyo wangu ukatulia: injini ni nzima.

Sisi watu wa malori wa Kaskazini Mashariki tunaijua sana oili inayoingia. Tunajua bei yake Garissa na bei yake Eastleigh. Tunabishana mkebe upi ni halali na upi umejazwa tena nyuma ya duka, na kila dereva ana chapa anayoiapia. Oili inayotoka hatuitazami. Inamwagwa, inafukiwa kwa mchanga, na habari yake inaishia hapo. Mimi naamini tumeligeuza jambo juu chini. Oili mpya ni ahadi tu. Ushahidi uko kwenye ile iliyotoka. Mwenye lori ambaye hajauona ushahidi huo kwa macho yake hajui hali ya mali yake, na ambaye hajui umeishia wapi hajamaliza kazi.

Nilijifunza hili kwa gharama kubwa. Miaka michache iliyopita lori letu, Isuzu FRR tuliyoinunua ikiwa imetumika, lilipitia gereji moja likitoka Nairobi kuja huku. Tulilipia sevisi kamili: oili, filta ya oili, filta ya dizeli. Niliona risiti, nikaona filta ya oili nyekundu inang'aa ubavuni mwa injini, nikaridhika. Wiki ya tatu, katikati ya Garissa na Modogashe, likiwa na shehena ya sukari na katoni za baasto, yaani tambi, tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, ililia mlio mwembamba kama filimbi, ukatoka moshi wa buluu, na nguvu zikaisha. Tulilala siku tatu chini ya mgunga tukilinda mzigo. Wafugaji waliokuwa wakipita na ngamia wao walitupa maziwa kila jioni na wakakataa malipo.

Fundi aliyekuja kutoka Garissa aliifungua ile filta nyekundu na kuikwaruza kwa kisu. Rangi ilikuwa ya kupuliza. Chini yake kulikuwa na vumbi kavu la zamani, na chini ya vumbi kulikuwa na tarehe. Utingo tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa na mazoea ya kukwaruza tarehe kwenye kila filta kwa ncha ya msumari siku ya kuifunga. Ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Gereji walikuwa wameipaka rangi tu, wakairudisha.

Watu wengi wameniuliza: mbona taa ya oili haikuwaka? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linastahili kujulikana na kila anayeendesha dizeli katika njia zetu. Filta nyingi zina valvu ndogo ndani. Karatasi ikiziba kwa masizi na vumbi, valvu hiyo inafunguka na kuiacha oili ipite bila kuchujwa, kwa hesabu kwamba injini ni afadhali inywe oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Kwa hiyo presha inabaki, taa inabaki imezimika, na dereva anaendelea akiwa na imani yake yote. Tabo ndiyo hulipa kwanza. Shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na haikalii chochote isipokuwa utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa imebeba changarawe, utando huo unageuka msasa.

Tangu siku ile filta nainunua mwenyewe, naifunga mimi au mtu aliye mbele ya macho yangu, na ile ya zamani naikata. Sifanyi hivyo kuokoa pesa. Ukihesabu karai, gasketi, sabuni na asubuhi nzima iliyokwenda, unaweza kuona ni bei ile ile ya gereji. Ninachopata ni habari, na habari ya injini yangu haiuzwi mahali popote.

Modogashe ni njiapanda. Barabara ya kutoka Garissa, mwendo wa kilomita 150 hivi, inakutana hapa na ile ya kutoka Isiolo, karibu kilomita 200, na kutoka hapa unapanda kwenda Habaswein, Wajir, hadi Mandera. Sehemu kubwa ya kinacholiwa na kuvaliwa kaskazini mwetu hupita njia hizi, na mbuzi na ngamia hushuka kwazo kwenda sokoni. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, kama kilomita 740, imekuwa ikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha nyingine, na kila kipande cha lami kinachoongezeka ni baraka. Lakini malori yetu yamezeeka katika mchanga, na bado yanatoka kwenye lami kwenda visimani na sokoni ambako hakuna njia ila alama za matairi ya jana.

Katika hali hiyo, kuhesabu kilomita peke yake hudanganya. Gereji za mjini zitakuambia kila kilomita 5,000. Kilomita 5,000 za nani? Lori linalotambaa kwa gia ya pili saa tatu nzima kwenye mchanga ili lipate kilomita 40 limefanya kazi ambayo mita ya kilomita haikuiona. Lori linalosubiri msafara wa polisi huku injini ikinguruma halikuongeza hata kilomita moja, na oili yake imeendelea kupokea masizi na dizeli isiyoungua. Kampuni ya Ford huziambia idara za polisi kwamba saa moja ya injini kunguruma gari likiwa limesimama ihesabiwe kama maili 33 za barabarani, yaani zaidi ya kilomita 50. Hesabu ile ilifanywa kwa magari ya Marekani, lakini maana yake yatufaa: hesabu saa, usihesabu kilomita tu. Sisi tuna daftari ndogo iliyofungwa kwa uzi kwenye usukani. Dereva anaandika saa za mchanga na saa za kusubiri, na tukifika nusu ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, tunamwaga.

Kuna jambo limebadilika bila watu wengi kulitambua. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa ikitumia ya 500. Salfa ikiungua hutengeneza asidi, na sehemu ya kazi ya oili ni kuiua asidi hiyo kwa viungo vilivyochanganywa ndani yake. Mafuta yaliyo safi zaidi yameipunguzia oili mzigo huo mmoja. Wazee waliofunzwa kazi kwenye malori ya Bedford walimwaga oili kwa hofu ya asidi na hawakukosea kwa zama zao. Leo adui mkubwa katika eneo letu ni vumbi. Mchanga wetu una silika, iliyo ngumu kuliko aluminiamu ya pistoni, na njia yake ya kuingia mara nyingi ni bomba la hewa lililopasuka au klampu iliyolegea baada ya filta ya hewa. Ukibadilisha oili kila mwezi huku bomba lile lina ufa, unaosha mikono yako kwenye matope.

Sasa nirudi chini ya lori, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wa kazi hii.

Weusi usikutishe. Oili ya dizeli ina viungo vilivyotengenezwa kubeba masizi yakiwa yametawanyika, yasigande kwenye kuta. Ikitoka nyeusi inaonyesha imeyabeba. Ninaiogopa zaidi oili ya dizeli iliyofanya kazi mwezi mzima na bado inang'aa kama asali, maana hapo nauliza masizi yamebaki wapi. Tazama uzito wake. Ikishuka kama maji na kunuka dizeli, kuna nozeli inayovuja, na pengine umekwisha kuona kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imeongezeka bila mtu kuongeza. Wako wanaofurahia jambo hilo, wakidhani injini yao haili oili. Injini hiyo inaoshwa utando wake na iko njiani kufa.

Ikitoka na rangi ya shaah, chai yetu ya maziwa, hiyo ni maji. Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023, yaliyoikata barabara ya Garissa na Madogo na kuyaacha malori yamekwama pande zote mbili, niliona rangi hiyo kwenye magari yaliyolazimishwa kupita laga, mito yetu ya msimu, zilizojaa. Dereva anapita, injini inanguruma, anashukuru Mungu. Siku mbili baadaye beringi zinagonga. Rangi hiyo inaweza pia kutoka ndani, gasketi ya silinda hedi ikiachia na maji ya rejeta yakajichanganya. Vyovyote iwavyo, usiwashe tena kabla hujajua.

Halafu sumaku. Tope la kijivu ni kuchakaa kwa kawaida, vyuma vinavyosuguana vinaachiana unga. Ukiona vipande vinavyometameta kama magamba ya samaki, simamisha safari. Ukiona rangi ya shaba ndani ya karai, hiyo haikushikwa na sumaku kwa sababu shaba haivutwi, na huenda ni tabaka la ndani la beringi limeanza kujitokeza. Kwa hiyo usiitazame sumaku peke yake. Mimina oili polepole kutoka karai hadi mtungini kupitia kitambaa cheupe kikuukuu, na ukitazame kitambaa.

Filta ya zamani nayo ina maneno yake. Iache ichuruzike hadi adhuhuri. Kisha ikate juu kwa kisu cha kufungulia mikebe. Ukitumia msumeno wa chuma, chembe za msumeno zitachanganyika na za injini na utasoma uongo. Ichomoe karatasi iliyokunjwa, ikate wima, ikunjue juani kama kitambaa. Humo ndimo ulimo mwezi mzima wa lori lako. Na ukikata filta ya bandia utagundua papo hapo: mikunjo michache, gundi iliyopakwa nusu, karatasi inayochanika kwa kidole, wakati mwingine valvu haimo. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoundwa kwa sheria ya 2008, na kazi yao ni kubwa, lakini hawako Modogashe unapomlipa mwenye duka. Kisu chako kipo. Ukikuta ya bandia, mpelekee muuzaji ile iliyokatwa na umwekee mezani. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili mwenye duka mwenyewe alishtuka. Naye alikuwa amedanganywa.

Kufunga ni kazi ya subira tu. Nati ipate washa mpya ya shaba, na ikazwe kwa mkono wa mtu mwenye akili, kwa sababu sampu nyingine ni za aluminiamu na uzi ukikatika utajuta. Uso wa injini pale filta inapokaa upanguswe, na uhakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania. Mpira juu ya mpira humwaga oili yote kwa dakika chache. Mpira mpya upakwe oili safi kwa kidole, filta izungushwe hadi iguse, halafu robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana haihitajiki. Kuhusu oili yenyewe, soma mkebe kwanza, mwenye duka umsikilize baadaye. Herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. CI-4 ni ya zamani kuliko CK-4 iliyotoka mwishoni mwa 2016. 15W-40 inatosha kwa joto letu kwa injini nyingi, lakini kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Jaza, washa bila kukanyaga mafuta, ngoja taa izime, tazama chini kama kuna tone, zima, ngoja dakika kumi, pima. Yamekwisha.

Hapana, hayajaisha. Karai bado limejaa.

Lori la ukubwa wetu hutoa lita zaidi ya kumi kwa mara moja. Piga hesabu ya malori yote yanayolala Modogashe, na magari ya miraa yanayopita kwa kasi kutoka Maua, na Land Cruiser za mashirika, na jenereta za visima. Zote zinamwaga. Tembea nyuma ya maegesho yoyote ya mji wetu utaona ardhi nyeusi, ngumu, inayong'aa mvua ikinyesha. Mvua hiyo hiyo huteremkia laga, na kwenye laga ndiko akina mama huchimba visima vifupi kwa mikono kiangazi kikikaza. Chini kabisa, kuelekea Habaswein na Dadaab hadi ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kuna hifadhi ya maji iitwayo Merti, ambayo kambi za Dadaab zimeitegemea tangu 1991. Hifadhi hiyo iko kina kirefu na sidai kwamba karai langu litaifikia kesho. Visima vya laga ndivyo vinavyonikosesha usingizi, na silanga, mabwawa ambamo mifugo hunywa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili ya sevisi moja tu ya gari inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Sisi hatuna galoni milioni moja za kupoteza.

Oili iliyotumika si ile ile iliyoingia. Imebeba metali kutoka kwenye injini na masalia ya mafuta yaliyoungua, na baadhi yake husababisha saratani. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kwetu oili hiyo ina matumizi ambayo watu huyaona ya kheri. Inapakwa kwenye nguzo za boma kuzuia mchwa. Inapakwa kwenye mikokoteni. Na inapakwa kwenye ngamia wenye upele.

Hapa najua naingia mahali penye heshima. Wafugaji wametibu ngamia kwa ujuzi wao karne nyingi kabla ya daktari wa mifugo wa kwanza kufika, na oili chafu waliijaribu kwa sababu ilikuwepo na ilionekana kuwaua wadudu wa ngozi. Inawaua kwa kuwafunika wakose hewa, ni kweli. Lakini inaingia pia kwenye ngozi ya ngamia, na nirigi, mtoto wa ngamia, hulamba mama yake, na maziwa ya mama huyo yanakuja kwenye kikombe cha mwanangu, mara nyingi bila kuchemshwa. Sindano ya ivermektini ipo katika maduka ya dawa za mifugo. Mfugaji akija kuniomba oili chafu, simpi, na simwachi aondoke mikono mitupu; tunachanga dawa. Gharama hiyo naihesabu kuwa sehemu ya sevisi ya lori.

Lipo jingine la hatari kuliko hilo, na liko ndani ya nyumba zetu. Mtungi wa manjano wa lita 20. Mtungi huo ulikuja na mafuta ya kupikia, na leo ndio hubeba maji kutoka kisimani na maziwa ya ngamia hadi sokoni. Ndio pia tunaoukata ubavu kuwa karai la oili, na ndio tunaojaza oili chafu. Ukioshwa kwa sabuni na jua, ukakaa wiki mbili nyuma ya nyumba, mtoto aliyetumwa maji ataujuaje? Bibi zetu walikuwa na haan, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi na kufukizwa kwa moshi wa kuni walizozichagua wenyewe. Bibi yangu asingekubali haan ya maziwa itiwe kitu kingine hata siku moja, hata maji. Tumeipokea plastiki tukaiacha kanuni ile. Kwetu sasa mtungi wa oili tumeupaka rangi nyeusi wote, tumekata mkono wake ili usibebeke kama mtungi wa maji, na unakaa kwenye kisanduku cha lori chenye kufuli. Hauingii uani.

Sheria ipo. Kanuni za taka za 2006, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliiweka oili iliyotumika miongoni mwa taka hatari, na mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka inayozitwika kaunti mzigo mkubwa wa kazi hii. Kwa mwenye lori wa Modogashe, sheria hizo hazijawa pipa. Kijiografia tuko mahali ambapo Garissa na Isiolo zimebishania mpaka kwa miaka mingi, na kila upande unaweza kungoja mwingine aanze. Oili iliyomwagwa upande mmoja haingoji. Laga inaibeba kwenda upande wa pili.

Mji huu wetu lakini una historia ya kutosubiri. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za wafugaji walikaa hapa wakakubaliana juu ya malisho, maji, mifugo iliyoibiwa na fidia ya damu, na makubaliano hayo yakaitwa Azimio la Modogashe. Yana kasoro zake, na wanasheria wameyakosoa kwa sababu nzito, lakini yalizaliwa kwa watu waliotambua kwamba maji ni jambo la kuapiana. Naomba wazee hao, na walio vijana wakati ule ambao leo ni wazee, waiweke oili kwenye baraza lijalo la maji. Tunahitaji mambo machache: mapipa mawili yenye kivuli na kufuli karibu na vituo vya mafuta, mtu mmoja anayelipwa kuyatunza, na neno la wazee kwamba anayemwaga oili karibu na laga amemwaga kwenye kisima cha watu.

Mapipa yasipokuja, tuna njia nyingine, na kwa kweli ni rahisi kuliko tunavyodhani. Malori yanayoleta oili mpya huku hurudi kusini. Yanarudi na mbuzi, au yanarudi matupu. Nairobi wako wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wanaoichukua oili chafu, ikasafishwa upya au ikachomwa kwenye tanuri za viwanda zenye moto mkali. Lita 20 zilizofungwa vizuri hazimzuii mtu kupakia mbuzi hata mmoja.

Naambiwa kwamba nikiwashawishi wenye malori kumwaga oili wenyewe namnyang'anya fundi riziki. Simnyang'anyi. Injini iliyosomwa mapema bado inahitaji nozeli mpya, bado inahitaji gasketi, na fundi mwema hulipwa vizuri zaidi kwa kazi ya kurekebisha kuliko ya kumwaga. Wengine wanasema mwenye mali hapaswi kuingia chini ya gari kama utingo. Baba yangu alikagua kwato za ngamia wake mwenyewe hadi alipofikisha miaka sabini, akiwa na wachungaji wanne.

Juzi, jua lilipokuwa limekwisha kupanda na upepo umeanza kuamka, kijana wetu alikuwa amekwisha kukaza nati na kufunga filta mpya. Sikuwa nimemwambia neno. Alichukua msumari, akakwaruza tarehe kwenye ubavu wa filta, kisha akakwaruza tarehe ile ile kwenye mtungi mweusi, na kando yake akaandika lita kumi na mbili. Akautia mtungi kwenye kisanduku cha lori, akafunga kufuli na kulivuta mara mbili, akauliza dereva anaondoka saa ngapi kwenda Isiolo.